Mwaka Waliokuja Kutuuliza

Dada Levina alikuja kwenye arobaini ya mdogo wangu Zuhura akiwa amejitanda khanga aliyoiazima kwa jirani, maana yeye ni Mkristo na hakutaka kukaa kichwa wazi kati ya akina mama waliokuwa wanasoma. Sikumtambua mara moja. Nilimwona mama mnene, nywele za mbele zimeingia mvi, anavua viatu mlangoni na kutafuta pa kuviweka visikanyagwe, nikadhani ni mmoja wa walimu waliofanya kazi na marehemu. Aliketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, akanishika mkono, akaniita Mwaju, jina ambalo siku hizi limebaki kinywani mwa mama peke yake. Hapo sauti ile ikanirudia. Akasema pole, mdogo wangu, kisha akanyamaza. Nilimshukuru kwa kunyamaza, kwa sababu siku zile kila aliyeingia alikuwa na maneno ya kunipa, na mimi sikuwa tena na pa kuyaweka. Pilau ilipopakuliwa tukala sahani moja, na tulipokuwa tunanawa akaniuliza kama naukumbuka mwaka ule. Nikamwambia naukumbuka. Nimesoma mpaka darasa la saba na sijawahi kuandika kitu kirefu, lakini tangu siku hiyo mwaka ule haunitoki, nami nimeona niuandike kabla sijaanza kuuremba.

Tulikuwa tunakaa mjini, mtaa wa Mafiga, vyumba viwili katika nyumba ya kupanga. Chumba nilicholala na Zuhura kilikuwa na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, hakikupata upepo hata kidogo. Mtu mwingine angekikataa. Mama alikichagua kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kilikuwa na joto. Kando ya kitanda palikuwa na jagi la plastiki lenye mfuniko, la maji ya Zuhura peke yake, na nyuma ya mlango palikuwa na msumari ambapo mama alitundika kitambaa cha kumkandia. Zuhura alikuwa na miaka saba. Alikuwa na selimundu, ingawa nyumbani tulisema sikoseli, na mbele za watu hatukusema lolote, tulisema tu kwamba mwili unamsumbua. Maumivu yalipokuja yalianza miguuni, yakapanda mgongoni, naye alijikunja kuelekea ukutani na kunyamaza. Watoto wengine hulia. Yeye alinyamaza, na ukimya wake ndio uliotujulisha kwamba hali ni mbaya. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sikuchaguliwa kuendelea, kwa hiyo nilikaa naye mchana, mama akiwa sokoni na baba akiwa kiwandani Kihonda.

Dada Levina na mwenzake, kijana aliyeitwa Deo, walitoka chuoni. Walikuwa wameonana na mama kliniki, wakamwomba ruhusa ya kuja nyumbani kila mwezi kwa mwaka mmoja, waone jinsi familia inavyoishi na mtoto mwenye ugonjwa usiokwisha. Walisema wao ni wanasaikolojia. Neno hilo lilizunguka uani kabla hawajamaliza kuegesha pikipiki. Mama mwenye nyumba alimvuta mama pembeni akamuuliza kwa upole kabisa, kati yenu aliyerukwa na akili ni nani. Mama akamjibu kwamba hajui, labda ni yeye mwenyewe, ndiyo wamekuja kumwangalia. Alilisema bila kucheka, na jibu lile lilitupatia heshima fulani kwa majirani, wakawa wanatuamkia vizuri zaidi.

Siku ya kwanza mama alipika wali wa mchele wa Dakawa na mchicha wa nazi, chakula ambacho sisi tulikiona sikukuu. Wageni wakasema wamekatazwa kula kwa watu wanaowauliza maswali. Mama akaweka sahani chini. "Sasa maneno yangu mtayabebaje na matumbo matupu?" akauliza. Deo akamtazama dada Levina, dada Levina akanawa mikono.

Nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, na niliyasikia yote. Nilidhani watauliza dawa na damu, kama walivyouliza hospitali. Wao waliuliza mambo mengine. Nani huamka mtoto akiumwa. Nani humkasirikia mwenzake siku zile. Kitu gani mama alikuwa anakifanya zamani ambacho sasa hakifanyi. Mama akasema ameacha kwenda kwenye ngoma. Akasema zamani hakuna mwali aliyetolewa mtaa mzima yeye asiwepo, na ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Mimi nilikuwa nimeishi na mama yule tangu nizaliwe, nikimwona anafunga na kufungua biashara yake ya mboga, na sikujua kwamba aliwahi kuanzisha wimbo. Mpaka leo nikimtazama usingizini, mzee sasa, humwona yule niliyemsikia nikiwa nyuma ya pazia, ambaye sikumkuta.

Zuhura aliwapenda. Deo alikuwa na kadi yenye sura zilizochorwa, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, ili mtoto aonyeshe anavyoumia. Zuhura aliikagua, akaweka kidole kwenye ile ya mwisho. Deo akamuuliza kama leo anaumwa kiasi hicho. Akasema haumwi, ila huyu anafanana na wewe ulipoulizwa kama utakula. Dada Levina alicheka mpaka akafuta macho, na tangu hapo kila walipokuja Zuhura alitaka kadi ile, akiwagawia sura watu wote wa uani.

Mwezi uliofuata waliniuliza mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu chochote kuhusu ugonjwa ule zaidi ya kama amekunywa maji. Dada Levina alitaka kujua huwa ninafikiria nini siku ambazo Zuhura ni mzima. Nikamwambia huwa nasubiri. Akauliza nasubiri nini. Nikasema nasubiri aumwe tena. Alizima chombo chake cha kurekodia, akanisaidia kuchambua mchicha uliokuwa mbele yangu mpaka ukaisha. Sikujua kama nimejibu vizuri au vibaya. Sasa najua kwamba sikuwa na jibu jingine, na kwamba nyumba nzima tulikuwa tunaishi hivyo, kila mmoja akisubiri kwenye kona yake na kudhani yuko peke yake.

Baba walimkuta Jumapili. Alivaa shati la kwendea mjini na kukaa kwenye kiti, sio mkekani. Waliuliza maswali mengi, naye aliyajibu kwa ufupi, mpaka wakafika kwenye lile la kwamba likitokea jambo kubwa kuhusu mtoto, neno la mwisho ni la nani. Baba akasema, "Ni langu. Mimi ndiye baba yake." Mama alikuwa pembeni anapepeta mchele. Ungo ulisimama, kisha ukaendelea. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, ambao tunauita lukolo, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba mzazi anaweza kumlisha, kumvisha na kumpenda kuliko anavyojipenda, lakini mambo makubwa yakifika humtazama shemeji yake. Baba hakudanganya kwa ubaya. Alikuwa mbele ya mwanamke msomi asiyemjua, tena mbele ya kijana mwanamume, na mwanamume wa mjini hawezi kusema kwamba mwanawe anaamuliwa na kaka wa mkewe aliye huko milimani. Ndani ya chumba kile hakukuwa na mtu wa kumkosoa. Dada Levina alitoka Kagera, na kwao baba akisema mimi, ni yeye.

Kwa hiyo kila baada ya maswali, ulipofika wakati wao wa kueleza, walimweleza baba. Walimweleza kwamba baridi inaamsha maumivu, kwamba kiu inayaamsha pia, kwamba homa hata ndogo ni ya kukimbilia hospitali na sio ya kusubiri asubuhi. Baba alisikiliza kwa makini sana. Alimnunulia Zuhura sweta la mtumba na soksi nzito, na alikuwa akitoka kazini anaanza kuangalia jagi. Mtu ambaye hakuelezwa chochote alikuwa Tegetero, juu mlimani, analima maharage.

Mjomba Mohamedi alishuka masika yalipokwisha, amebeba magimbi na mkungu wa ndizi. Zuhura alikuwa ametoka tu kulazwa, amekonda, macho ya manjano. Mjomba alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa kurudia neno. Alimshika Zuhura kichwa, akamtazama machoni kwa muda mrefu, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa mabati. Nilimsikia akimwambia mama kwamba mtoto anampandisha mlimani. Mama alisema kule kuna baridi, kaka. Mjomba akamjibu kwamba baridi hiyo ndiyo iliyomkuza yeye. Mama akataja hospitali, mjomba akasema hospitali ameiona, imempa mtoto huyu hapa alivyo. Kisha mjomba akamgeukia baba, kwa heshima kama siku zote.

"Shemeji, una neno?"

"Hapana, shemeji," baba alisema. "Mtoto ni wenu."

Wakati ule nilimchukia baba kwa maneno hayo. Siku hizi ninapoyakumbuka, ninachokisikia ni sauti ya mtu aliyenunua sweta na soksi na kukariri yote aliyoambiwa, na hana mahali pa kuyasemea. Walipanda kesho yake asubuhi. Zuhura alivaa sweta, akaniagiza nisimgawie mtu jagi lake.

Dada Levina alipokuja kwa zamu yake alinikuta uani nafua mablanketi. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia mjomba amempandisha Tegetero. Alidhani ni matembezi, akauliza atarudi lini, na hapo mama akatoka akamweleza yote kuhusu ukoo na mjomba, taratibu. Alimweleza hata lile la Jumapili, akiwa ameinamisha macho. Ilikuwa imeingia miezi ya baridi, ile ambayo hata mjini watu hujitanda asubuhi. Dada Levina alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Baadaye niliwasikia yeye na Deo wakibishana kwenye bomba. Deo alikuwa anamkumbusha kwamba wao wametumwa kuuliza, hawakutumwa kuamulia watu, na kwamba chuo kikisikia kazi itaharibika. Dada Levina akasema, basi twende tukaulize.

Tulipanda wanne, mama na mimi na wao wawili. Deo alivaa viatu vya ngozi. Njia ilikuwa na utelezi wa ukungu, na mara ya tatu alipokaa chini bila kutaka, akina mama waliokuwa wanashuka na mizigo ya ndizi kichwani walisimama kumtazama. Mmoja akamwambia, "Kaka, vua viatu ujue unakwenda wapi." Akavua. Mama hakucheka. Alitangulia mbele bila kugeuka, na visigino vyake vilikuwa vimepauka kwa baridi.

Tulimkuta Zuhura jikoni kwa mjomba, amelazwa kwenye ngozi kando ya mafiga, amefunikwa khanga na juu ya khanga koti la mjomba. Magoti yalikuwa yamevimba. Alikuwa ameelekea ukutani, amenyamaza, na mimi na mama tulielewa ukimya ule. Mama alitaka kumbeba pale pale aondoke naye. Mke wa mjomba akamshika bega, akamkalisha, akatuwekea magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai, maana mtu hawezi kuja kutoka mbali akasema jambo kabla hajaonja kitu. Tukala. Sijawahi kula magimbi magumu kumeza kama yale.

Dada Levina alimwamkia mjomba shikamoo, akaitikiwa. Akasema amechelewa kuja kwake, kwamba ana maswali ambayo amewauliza watu wengine kumbe alipaswa kuanza na yeye, na anaomba ruhusa. Nilitegemea atamfundisha, amwambie baridi ni mbaya. Hakufundisha. Aliuliza yale yale, kuanzia mwanzo. Nani huamka mtoto akiumwa. Mjomba akasema ni yeye. Humfanyia nini. Humbeba akazunguka naye humu jikoni, kwa sababu akibebwa huumia kidogo. Kitu gani ameacha kukifanya. Mjomba alitazama nje, akasema maharage yamekauka shambani, hajayang'oa. Mama aliinua uso. Njia nzima alikuwa amejiandaa kugombana na kaka wa namna nyingine, aliyetaka tu binti wa ukoo awekwe kwenye ardhi ya ukoo.

Kisha dada Levina akamuuliza anapomtazama mtoto huyu anaonaje maisha yake ya mbele.

Mjomba alisukuma kuni mafigani mpaka chungu cha chai kikaanza kuchemka upya. Alisema na mama kwanza, kwa Kiluguru, akamkumbusha dada yao Mwanahawa aliyefariki akiwa mtoto, ambaye mama alikuwa mdogo mno kumkumbuka vizuri. Akasema macho yalikuwa haya haya, na magoti haya haya, na ukimya huu. Halafu akamgeukia dada Levina kwa Kiswahili.

"Hawa nimewaona. Hawafiki mbali. Nimemleta afie kwao. Mahali nimeshamsafishia, pale chini, kando ya Mwanahawa. Mjini wangemzika makaburi ya Kola, katikati ya watu asiowajua."

"Nani amekwambia atakufa, mjomba?" dada Levina akauliza.

"Na nani aliwahi kuniambia kwamba ataishi?"

Mama alifunika mdomo kwa khanga. Na hapo Zuhura, ambaye sote tulidhani amelala, alisema kutoka ukutani, "Mjomba, nina kiu."

Mjomba aliinuka mwenyewe. Alimnywesha kwa kikombe cha bati, mkono mmoja nyuma ya shingo yake, na alipomlaza tena alikaa pale chini kando yake, hakurudi kwenye kigoda. Dada Levina alimweleza akiwa amekaa hivyo. Nakumbuka kwamba hakumwahidi kitu. Alisema wapo wasiofika, na wapo wanaokua, wakasoma, wakaolewa, yeye amewaona, na kwamba anayekaa kwenye joto na maji na karibu na dawa ana nafasi zaidi. Mjomba akauliza nafasi kiasi gani. Dada Levina akasema hajui. Mjomba akasema angalau huyu hasemi uongo, akamwagiza mkewe amletee khanga nyingine.

Tuliposhuka alimbeba Zuhura mgongoni, kwa khanga, kama wanawake wanavyobeba, jambo ambalo kwetu mwanamume mzima halifanyi njiani. Watu walitoka milangoni kutazama. Mama alijaribu kumpokea mara kadhaa, hakukubali. Deo alikwenda peku mbele yetu akiondoa matawi. Pale chini magari yanapogeuzia tulimkuta baba. Hakuwa ameagizwa na mtu, alikuwa ameacha kazi siku hiyo na kuja kusimama pale. Alisogea, akasita, mikono imenyooka mbele hewani. Mjomba akamwambia ashike upande wa miguu, mtoto asitikisike, na wakampandisha garini hivyo, wawili. Hospitali walikaa benchi moja mpaka jioni, kila mmoja na kiatu kimoja cha Zuhura mkononi. Daktari alipotoka na kumuita baba wa mtoto, walisimama pamoja.

Zuhura alibaki Mafiga. Mjomba akawa anashuka siku za kliniki na kukaa kwenye foleni ya akina mama, mwanamume peke yake, akisikiliza yote na kuuliza tena alichokisikia vibaya. Mwaka ulipokwisha dada Levina na Deo walituaga, na kazi yao wakaipeleka kwa wakubwa wao. Siku ya arobaini dada Levina aliniambia kwamba baada ya kwetu, kila nyumba aliyoingia aliuliza kwanza mtoto huyu ni wa nani. Nikamwongezea chai.

Sitasema kwamba mwaka ule ulimponya mtu. Zuhura alikua, akafundisha watoto wa chekechea, akacheka na watu, na akaumwa. Zipo siku aliniambia mjomba angemwacha tu kule juu angekuwa amepumzika zamani, na zipo siku alifanya mipango ya nyumba atakayojenga na rangi ya milango. Yote mawili yalikuwa kweli, na alikuwa na haki nayo yote mawili. Hakufikia uzee. Alifika miaka ambayo jikoni mle kwa mjomba hakuna aliyethubutu kuitaja.

Mjomba alitangulia kufa. Mvua za vuli za mwaka ule waliokuja kutuuliza, bila kumwambia mtu, alikuwa amepanda migomba pale mahali alipokuwa amesafisha. Ilizaa, ikachipua, ikaenea. Tulipompandisha Zuhura, vijana wa ukoo walikuja na mapanga ili wapate nafasi kando ya Mwanahawa. Mama, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa, aliomba wamfikishe pale. Akaweka mkono kwenye shina moja, akawaambia migomba hii isikatwe. Wakachimba pembeni.